Mlango wa Kasa

Kasa ni mnyama wa baharini, na hufa maji. Akinaswa na wavu unaokokotwa na meli chini kabisa, hapati nafasi ya kupanda juu kuvuta pumzi, na kinachomuua ni maji yale yale anamoishi. Jambo hilo sikulisoma kitabuni wala sikuambiwa Pwani. Niliambiwa hapa Eldoret, nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, nikiwa na fundi wa nyavu ambaye hakuwahi kuiona bahari maishani mwake. Fundi huyo amefariki. Alianza kuugua kifua mvua zilipoanza, akalazwa, na asubuhi moja wiki iliyopita mkewe alipompelekea uji aliambiwa arudi nao nyumbani. Siku ya Ijumaa tuliupakia mwili wake kwenye pikapu, safari ya kwao upande wa ziwa ikaanza kwa njia ya Kapsabet. Vijana wa karakana walitafuta kitu cha kulifunga jeneza lisicheze njiani, wakaleta kipande cha wavu. Kilikuwa kimeshonwa na yeye mwenyewe, na kilishika vizuri.

Wengi wenu mmemwona mjini bila kujua kazi yake. Ni yule bwana mrefu aliyevaa koti la kijivu na tai hata Jumatano isiyo na sababu, na kofia ya pama iliyokaa upande. Wanawake wa sokoni walimwita Bwana Harusi, naye aliitika. Hakuwa mnyenyekevu hata kidogo. Ukimsalimu alikueleza kwanza wavu aliomaliza kuushona, jinsi fundo lake lisivyolegea, na jinsi mafundi wengine wa nchi hii wangefaa kurudi kwa mama zao wakajifunze kufunga viatu. Alipokohoa, katika miezi hii ya mwisho, alikohoa kama mtu anayekatizwa hotuba. Nilikuwa nikipita pale karakanani siku za kazi zikiwa chache, nikakaa juu ya mfuko wa saruji na kumsikiliza, na sikumbuki siku niliyoondoka bila jambo la kuandika.

Msomaji atauliza, na ana haki, nyavu za baharini zinatafuta nini katika mji wa mahindi na ng'ombe. Jibu ni mwenye duka. Huyu ni mzee kutoka Mkoa wa Kati aliyekuja huku akiwa kijana, akafanya kazi ya kupasua mbao kule Timboroa kabla ya kufungua duka lake na kujenga nyumba Yamumbi. Nyuma ya duka alianzisha karakana ya kushona nyavu za magoli ya shule, kwa kuwa uzi wa nailoni ulipatikana kwa urahisi, halafu nyavu za watu wa ziwani, na siku moja kampuni fulani ya Pwani yenye meli za kuvua ikapata habari zake. Kiswahili chake mzee alikiokota kwenye mashine ya mbao. Kule vipimo vilitangazwa kwa sauti kubwa, futi kumi kasa inchi moja, futi nane kasa robo, na hilo neno kasa likamkaa mdomoni maisha yote. Kwake kila kilichopunguzwa kilikuwa kasa. Daktari alipomkataza sukari alianza kuagiza chai kasa sukari. Padri akihubiri kwa ufupi, mzee alisema leo ibada ilikuwa kasa. Hotelini walishamzoea, na wahudumu wakaanza kusema hivyo hivyo.

Oda ya kwanza ya kampuni ile ilikuja kwa simu, na ilitaka nyavu za kamba. Mzee alifurahi, akanunua kamba ya katani, akawaweka vijana wake kazini, wakafuma wavu mzito ambao watu wanne hawakuweza kuubeba bila kupumzika. Dereva wa lori la kampuni, mtu wa Mombasa, alipokuja kuuchukua aliufunua kidogo, akashika bodi ya lori lake kwa mikono miwili, akacheka mpaka wateja wakatoka dukani kutazama. "Mzee wangu," akasema, "huu utashikia ng'ombe. Kamba mwenyewe ni wa kidole, ana masharubu, analiwa hotelini." Hapo ndipo mzee alipojua kwamba Pwani kuna kamba anayeogelea. Wavu ule ulirudi stoo, na baada ya wiki chache mzee akamwajiri Bwana Harusi, aliyezaliwa kando ya ziwa katika ukoo wa wavuvi. Fundi hakuwapo siku ya lile kosa, lakini alisimuliwa, na hakuliacha lilale. Kila asubuhi, wateja wakiwa wamejaa, aliingia dukani, akavua kofia na kuuliza kwa heshima zote, "Mzee, leo tunavua kamba ama tunafunga ng'ombe?" Watu walicheka. Mzee pia alicheka, kwa upande mmoja wa mdomo. Naomba msomaji aukumbuke huo upande mwingine ambao haukucheka.

Lori lilipopeleka nyavu mpya lilirudi na zile kuukuu ili zishonwe upya. Siku moja nilikuwa pale walipofungua furushi uani, harufu ya chumvi na uvundo ikatoka, na ndani ya matundu kulikuwa na kitu kilichokauka, kipana kama kasia dogo, chenye ngozi ya magamba. Vijana walirudi nyuma. Fundi alichuchumaa, tai yake akaitupa begani isiguse uchafu, akauliza, "Hii mkono ni ya nani?" Dereva alikuwa akila mhogo kwenye ngazi ya lori. Akasema ni kasa huyo, mkono wake wa kuogelea, na kwamba huingia wavuni wakati wavu unawafuata kamba chini, humo humo na papa wadogo na taa wenye mikia mirefu na samaki wasiouzika, na vyote vikifika juu vimekufa hurudishwa majini kwa koleo. Ndipo akatueleza habari ya pumzi, kwamba kasa ana mapafu kama yangu na yako. Fundi akataka kujua ni nani aliyemruhusu aingie. "Hakuna aliyemruhusu, bwana. Wavu haubagui." Sikuwahi kumwona fundi akikasirika kabla ya hapo. "Net ambayo inashika kila kitu si net," akasema. "Hiyo ni gunia. Net mzuri inajua kukataa."

Alikuwa akisema kweli kwa jinsi alivyolelewa. Kwao, tundu la wavu lilichaguliwa kwa samaki aliyekusudiwa, na mdogo alipita akaenda zake mpaka akue. Mtu ambaye wavu wake ulileta watoto wa samaki ufukweni alichekwa na wanawake waliokuja kununua. Kwa hiyo mkono ule uliokauka haukumsikitisha tu, ulimtia aibu ya kazi. Fundo lililoukamata lilikuwa lake, alilitambua. Kuanzia siku hiyo alikuwa na neno moja, mlango. Alikwenda kwa wachomelea vyuma wa jua kali, akatengenezewa kitu kama dirisha la fito za chuma, akalishona katikati ya wavu likiwa limelala mshazari. Kamba, kwa kuwa ni wadogo, wangepita kati ya fito mpaka mkiani mwa wavu. Kasa angegonga chuma, ateleze kuelekea juu, na huko juu fundi alikata mlango, akaufunika kwa pazia la wavu linalosukumika kutoka ndani. Vijana walilalamika kwamba mlango mmoja unachukua muda wa kushona nusu ya wavu. Aliwaambia wakitaka kazi rahisi waende wakashone magunia.

Bahari haikuwapo ya kujaribia, kwa hiyo tulikwenda Kapseret, kwenye bwawa la mkulima mmoja rafiki yake, Jumapili baada ya kanisa. Badala ya kamba alitia gunia la viazi vya Timboroa. Badala ya kasa alileta karai la mkewe, akalifunga dumu dogo lenye maji nusu. Trekta lilipita juu ya tuta likiukokota wavu majini, na watu waliotoka kanisani wakasimama wakiwa na nguo zao nzuri kutazama Mjaluo akivua karai. Katikati ya shughuli naibu wa chifu alifika kwa baiskeli, akahesabu vichwa kwa macho, akauliza nani amechukua kibali cha mkutano. Fundi akavua kofia. "Mkutano ni ya karai na viazi, mzee. Sisi tumealikwa tu." Naibu alikaza uso, akatazama bwawa, na wakati huo huo karai likatoka kwenye mlango na kuelea, likizunguka polepole juani. Watu walipiga kelele kama timu yao imefunga bao. Mkia wa wavu ulipovutwa nchi kavu ulikuwa umejaa viazi. Naibu wa chifu alipewa vya kupeleka nyumbani, na habari ya kibali ikaishia hapo. Niliandika habari ya siku ile gazetini. Ilitoka ndogo, chini ya tangazo la mnada wa ng'ombe, na mhariri aliiwekea kichwa kuhusu viazi.

Dereva aliubeba wavu wa majaribio mpaka Pwani. Huko kulikuwa na msimamizi mmoja wa meli, mtu wa Lamu, ambaye sikupata kumwona. Alikubali utiwe baharini, na dereva akaja na habari kwamba nahodha ameridhika, takataka zimepungua, kamba hawapondwi tena na mizigo mikubwa, na kasa wameonekana wakitoka. Fundi alizunguka mji mzima na habari hiyo. Alinunua tai mpya. Msimamizi aliahidi kwamba oda ya msimu unaofuata itakuwa ya nyavu zenye milango, zote, na kwamba atapiga simu mwenyewe.

Simu ilikuja fundi akiwa kwao, kwenye mazishi ya shangazi yake. Aliyeipokea ni mzee. Laini ilikuwa na ngurumo kama kawaida ya laini za mbali, sauti ikienda ikirudi, na msimamizi akasema kwa Kiswahili chake cha Lamu idadi ya nyavu, ukubwa wa matundu, na mwisho akasema zote ziwe na mlango wa kasa. Ngurumo ilimeza sehemu yake. Mzee alisikia mlango, akasikia kasa. Kwa mtu aliyekunywa chai kasa sukari miaka yote ile, maana ilikuwa wazi kama mchana: mlango utolewe. Yule mnyama wa nyavuni yeye alimjua kama mnyama wa fundi tu. Alishangaa kidogo, kwa kuwa alijua jinsi fundi alivyouhangaikia mlango ule. Aliushika mkono wa simu, aliniambia baadaye, na swali likamfika kwenye ulimi. Halafu akakumbuka kamba na ng'ombe, akasema, "Sawa, nimeelewa." Vijana walifurahi kuambiwa milango haitakiwi. Walishona haraka, wakafunga mafurushi, lori likapakia na kuondoka, na dereva hana kazi ya kufungua mafurushi.

Nilikuwapo fundi aliporudi. Aliona fito za chuma zimeegemezwa ukutani, zote, hakuna hata moja iliyoguswa. Aliuliza, akaambiwa oda ilibadilishwa. Akaenda mpaka kaunta, mbele ya ile picha ambayo kila duka linayo, akauliza ni nani aliyeibadilisha. Mzee akamweleza alivyosikia. "Walisema mlango kasa. Si kasa ni kutoa?"

"Mzee, kasa ni ule mnyama."

Dukani kulikuwa na wateja wawili wakipimiwa misumari, na hata wao waligeuka kutazama bila kujua kuna nini. Fundi akauliza, kwa sauti ya chini kuliko nilivyomzoea, kwa nini hakuuliza mara ya pili. Mzee aliondoa misumari kwenye mizani yake. "Niliogopa kuchekwa," akasema. "Mara ya kwanza walinicheka. Na wewe ukanicheka kila siku." Fundi alivaa kofia yake, akaivua, akaenda kukaa uani karibu na zile fito. Kuanzia asubuhi iliyofuata hakusema tena habari ya kufunga ng'ombe, na nadhani mzee angelipa ili aisikie.

Mngedhani kosa kama hilo hurekebishwa kwa simu moja. Walipiga. Yule msimamizi wa Lamu alikuwa amehamishwa, wapi haikusemwa, na aliyekaa kwenye kiti chake alisema nyavu zimefika, zinafanya kazi, hazina malalamiko. Fundi alijaribu kumweleza mambo ya mlango. Aliulizwa ni nani aliyeagiza mlango. Msimu uliofuata oda ilikuwa ya maneno machache: kama zile za mwaka jana. Na uliofuata, kama kawaida. Kosa la siku moja la mzee anayeogopa kuchekwa likawa ndiyo kanuni ya kampuni, na hapakuwa na mtu aliyeamua iwe hivyo. Hakuna aliyemchukia kasa katika habari hii yote. Nimeipindua mara nyingi nikimtafuta mtu mbaya wa kumwandika, sikumpata. Nahodha aliupenda mlango. Dereva aliubeba. Hata yule aliyeuliza nani ameagiza alikuwa akiuliza swali la kazi yake. Kasa naye halalamiki.

Fundi aliendelea kushona, kwa kuwa watoto wanakula. Alishona nyavu alizoziita magunia, na kwa mikono ile ile yenye majivuno fundo lake halikulegea hata mara moja, na hilo ndilo lililomuumiza. Nyavu kuukuu zilipokuja yeye ndiye aliyetangulia kuzifungua, akipekua tundu kwa tundu. Vijana walimhurumia, wakaanza kudamka kabla yake na kukung'uta kila kitu, wakakitupa shimoni nyuma ya choo. Akifika anakuta nyavu safi. Hakuwaambia kwamba alijua. Kwangu mimi alisema mara moja tu, tukiwa tumekaa juu ya saruji: "Wananifichia. Bahari yenyewe sijaiona, na bado wananifichia."

Huwa namfikiria mzee na mkono wake wa simu ninapokaa kwenye mikutano ya siku hizi. Juzi nilihudhuria baraza moja kubwa hapa mjini. Mkubwa alisoma mipango, akamaliza, akauliza kama kuna mwenye swali, na uwanja mzima ukapiga makofi. Nilitazama kushoto na kulia. Walikuwepo watu wa ziwani, watu wa Kati, wenyeji, walimu, wafanyabiashara wenye kadi zao za chama mfukoni, na naapa nusu yetu hatukuwa tumeelewa, na nusu iliyoelewa ilielewa kitu tofauti. Tunazungumza lugha moja kutoka bahari mpaka ziwa na tunajivunia hilo, lakini tumejifunza kuitumia kwa kuitikia tu. Anayeuliza mara ya pili anaonekana mjinga, au mkaidi, na siku hizi sijui lipi ni baya zaidi. Basi tunasema sawa, nimeelewa, tunakata simu, na mambo yanashonwa kama tulivyoyasikia. Baada ya msimu mmoja huwa ndiyo kawaida, na anayetaka kuibadilisha huulizwa ameagizwa na nani. Wala si kamba na kasa tu. Kuna watu niliowajua ambao walinaswa katika mambo ambayo hayakuwakusudia wao. Nilipouliza habari zao, niliambiwa hakuna malalamiko.

Sina faraja ya kuwapa wasomaji wangu wiki hii. Somo ninalo, na ni dogo, na limechelewa: afadhali uchekwe mara mbili. Na wewe unayecheka, jua unamfunga mtu mdomo kwa siku ambayo utamhitaji aufungue. Marehemu aliyajua hayo yote mawili, ya pili zaidi, na sidhani yalimsaidia.

Jioni ya Ijumaa, pikapu ilipokwisha kuondoka, mzee aliniita dukani. Uani kulikuwa na lori, dereva ni yule yule, mvi zimemjaa, na mafurushi ya nyavu mpya yamepangwa tayari. Fito za chuma bado ziko ukutani, kutu imezila lakini hazijavunjika. Mzee alisema anataka kuipigia kampuni aombe ruhusa zitiwe milango kabla lori halijaondoka, vijana wako tayari kukesha. "Wewe unaandika," akaniambia. "Unajua Kiswahili. Nikipata watu wa Pwani, nitasema namna gani ili wasisikie mbaya?" Nilimwambia asiliguse kabisa lile neno, aseme tunataka kuweka mlango wa kumtoa yule mnyama mwenye gamba anayepumua hewa, na akiulizwa nani ameagiza, aseme ni fundi. Aliyarudia maneno hayo taratibu kama mtoto wa katekisimu. Akaomba laini kwa opereta, akaambiwa asubiri.

Nimepita tena leo Jumapili nikitoka kanisani. Duka limefungwa kwa mbele, lakini kwa nyuma liko wazi, na mzee amekaa kando ya simu akiwa na kikombe cha chai kilichopoa. Lori linaondoka kesho asubuhi. Hadi ninapokabidhi makala haya, laini ya Pwani haijapatikana.